Ida, Mdomo wa Mwalimu Othmar

Siku ya gulio pale Kihagara, ukimtafuta Ida kwa macho utahangaika, maana ni mfupi na daima yuko katikati ya watu. Mtafute kwa masikio. Sauti yake itakufikia kabla hujazifikia meza za nyanya. Utaisikia ikimhakikishia mnunuzi kwamba usipa umevuliwa jana, ikimjulia hali mtu aliye ng'ambo ya barabara, na papo hapo ikimkemea bata asiingize mdomo kwenye karai la samaki. Mungu alimpa Ida sauti ya kuwatosha watu watatu, naye hakuona sababu ya kuifanyia ubahili.

Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa na subira na maneno ya wengine. Mtu akianza sentensi, Ida aliimalizia. Alimalizia salamu, alimalizia pole za msibani, alimalizia hata matangazo ya mwenyekiti wa kijiji, na mara nyingi aliyamalizia vibaya. Mwaka mmoja alimsindikiza mumewe, Hamphrey, zahanati. Hamphrey alikuwa mvuvi, mrefu, mkimya, na siku hiyo alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki mguuni.

"Mzee, unasumbuliwa na nini?" mganga akauliza.

"Tumbo, daktari," Ida akajibu. "Tangu juzi hali vizuri, na mimi nilimwambia ule muhogo—"

Hamphrey hakubishana naye. Aliuinua mguu wake uliovimba, taratibu, akauweka juu ya kiti mbele ya daktari. Kisa hicho kilizunguka mwambao mzima wa ziwa, na aliyekisimulia kwa kicheko kuliko wote alikuwa Ida mwenyewe.

Sasa, katika kigango chao kulikuwa na katekista aliyeitwa Othmar. Watu wazima wengi wa Kihagara walijifunza kwake kufanya ishara ya msalaba, wakafundishwa naye komunyo ya kwanza, wakaandaliwa naye kwa ndoa. Kila mtu alimwita Mwalimu. Enzi zake alikuwa akianzisha wimbo wa mwanzo na waliochelewa njiani wakaanza kukimbia. Halafu akaota uvimbe kooni. Alikaa hospitali muda mrefu, akapasuliwa, akarudi mzima, ana nguvu za kushika jembe, ila sauti haikurudi naye. Ilibaki pumzi tu, kama upepo unaotoka kwenye tairi la baiskeli. Aliyekwenda kumsalimu ilimbidi ainame, atege sikio karibu na kidevu chake, ndipo asikie "marahaba".

Kwaresima ilipofika, waumini walitaka mafungo yao ya kila mwaka, na walimtaka Mwalimu Othmar. Paroko alikuwa na vigango vingi vya kuzungukia, vingine juu kabisa milimani, akakubali haraka. Mwenyekiti wa kigango, Bartholomayo, akaleta maikrofoni na spika. Mwalimu akanong'ona ndani yake. Ikatoka sauti kama ya mtu anayekaanga samaki kwenye mafuta ya moto. Wakaongeza sauti; spika ikalia filimbi, mbwa wakabweka.

"Inatakiwa sauti ya mtu," Bartholomayo akasema, akiing'oa ile waya. "Mwalimu aseme, mtu asimame pembeni yake aseme kwa nguvu alichosema."

Vichwa vyote vikageukia benchi la tatu upande wa kina mama. Hapo Ida alikuwa akimweleza jirani yake jinsi ya kutoa harufu ya samaki kwenye mkeka.

"Mnanitazama nini?" akauliza.

Asubuhi ya kwanza ya mafungo kanisa lilijaa. Ida alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba cha rangi ya papai, akasimama mkono wa kulia wa Mwalimu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mwalimu akanong'ona, "Tukae kimya kidogo."

"Mwalimu anasema tukae kimya!" Ida akapaza. "Kimya! Na wewe wa nyuma hapo mwenye simu, zima. Na watoto wapelekwe nje wakakojoe sasa hivi, siyo baadaye!"

Watu wakacheka. Mwalimu naye mabega yake yakatikisika, maana hata kicheko chake hakikuwa na sauti. Akaendelea kunong'ona.

"Tunaposali, tunakuwa kama mtu anayepiga hodi mlangoni. Kabla mwenye nyumba hajasema karibu, ameshaondoka."

Ida akalirudisha hilo vizuri, kisha akaona halijakolea, akaongeza chumvi yake. Akawataja watu wanaokuja kuazima ungo, wakipiga hodi huku wameshaingia jikoni. Hakutaja majina, lakini alielekeza kidevu upande fulani. Kicheko kikawa kikubwa zaidi, naye akanogewa. Sasa alianza kumtangulia Mwalimu. Akisikia maneno mawili matatu alijua yanakoelekea, au alidhani anajua, na yeye huyo mbio.

Ndipo Mwalimu akanong'ona, "Mungu amechoka nasi..." akasimama kuvuta pumzi, kama alivyolazimika kufanya kila baada ya maneno machache.

"Mungu amechoka na nyinyi!" Ida akanguruma, kidole juu. "Amechoka! Amechoka kabisa! Na hataki tena kuwasikia!"

Bibi Violet, mzee kuliko wote kwenye benchi la mbele, akaangusha rozari yake sakafuni, machozi yakimlengalenga. Mtoto akaanza kulia. Ida, kidole bado kiko hewani, akahisi kitenge chake kinavutwa. Akageuka. Mwalimu alikuwa amemaliza kuvuta pumzi yake.

"...ndivyo tunavyodhani," akanong'ona, "tukikaa muda mrefu bila kusali. Lakini si kweli. Hajachoka hata siku moja."

Ida akashusha kidole. Wanaomfahamu wanasema ndiyo mara ya kwanza walimwona anatafuta neno.

"Samahani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwalimu anasema hajachoka. Anasema sisi ndio tunadhani. Bibi Violet, usilie. Nimekosea mimi, siyo Mungu."

Baada ya ibada Bartholomayo alimsogelea Mwalimu na kupendekeza kijana wa kwaya, Florian, ambaye husema alichoambiwa na si zaidi. Ida alikuwa amesimama palepale, tayari ameshafungua kilemba, akasema ni sawa kabisa, apewe Florian, yeye akauze samaki wake. Mwalimu akatikisa kichwa. Akamnyooshea Ida kidole, halafu akaelekeza upande wa nyumba yake, halafu akaonyesha jua linavyokuwa alasiri.

Alasiri Ida akaenda. Alimkuta Mwalimu nyuma ya jiko amekaa kwenye kigoda, mbele yake rundo la muhogo na visu viwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Najua ulichoniitia, na mimi nimeshajisema mwenyewe njia nzima, nikasema Ida wewe—"

Mwalimu akampa kisu. Ida akakaa, akaanza kumenya. Mwalimu akasema kitu. Kisu cha Ida kilikuwa kinakwangua ganda, hakusikia.

"Unasemaje, Mwalimu?"

Mwalimu hakurudia. Alimtazama tu kwa uso mwema, kama mtu anayengoja pantoni na hana haraka. Ida akaendelea kumenya, akaona bado anatazamwa. Akasimamisha kisu. Hapo midomo ya Mwalimu ikaanza tena.

Alikuwa akimsimulia habari za hospitali. Siku za mwanzo baada ya kupasuliwa hakuruhusiwa hata kunong'ona. Kitanda cha jirani alilazwa mtu wa Mbinga mjini, mfanyabiashara wa vitambaa, jina lake Abdulazizi, aliyekuwa haoni kwa muda kwa sababu ya bandeji za macho. Mmoja hana sauti, mwingine hana macho. Abdulazizi aliongea, na Othmar alimjibu kwa kumgonga mkononi: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ida alianza kusikiliza, kisha jina la Mbinga likamchukua. Akamkumbuka mteja wake wa samaki kwenye soko la huko, akakumbuka ndoo alizoziacha, akawaza gari la Ijumaa kama litakuwa na nafasi. Akiwa huko, akagundua kwamba mnong'ono umekatika.

"Endelea, Mwalimu, nakusikia."

"Umefika Mbinga?" Mwalimu akanong'ona.

Ida akashika mdomo. "Nimefika. Nilikuwa nashusha ndoo."

Mabega ya Mwalimu yakatikisika. "Haya, zishushe zote. Ukimaliza urudi. Mimi nipo."

Hakusema kwa kejeli, na ndicho kilichomgusa Ida. Maisha yake yote watu walimwambia anyamaze, tangu shuleni mpaka kanisani, na kila aliyemwambia hivyo alikuwa amekasirika. Huyu hakumwambia anyamaze. Alimwambia atamsubiri. Ida akajiona kama mtu aliyeitwa ndani akae kwenye kiti kizuri. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakakaribiana.

Safari hii alisikiliza. Haikuwa kazi ndogo. Maneno ya kwake yalimjaa kinywani kama ugali wa moto, akayameza. Alitaka kusema kwamba hata shangazi yake aliwahi kulazwa, akaliacha lipite. Alitaka kuuliza Abdulazizi alipona au hakupona. Akaona kwamba akisubiri ataambiwa. Na kweli akaambiwa. Siku ya kufunguliwa bandeji, Abdulazizi alimtazama Othmar, akacheka sana, akasema: "Rafiki yangu, kwa jinsi ulivyokuwa unanisikiliza, nilidhani una masikio kama ya tembo. Kumbe madogo hivi!"

Ida akacheka mpaka kuku wakakimbia. Mwalimu akamgusa mkono.

"Kesho usitafute la kusema," akanong'ona. "Nipe masikio tu. Mdomo wako unaijua kazi yake."

Kesho yake Ida alipanda mbele na kitenge cha kawaida. Aliinamisha kichwa mpaka sikio lake likawa karibu na kinywa cha Mwalimu, akafumba macho. Kwanza ilikuja pumzi, halafu maneno yakaja juu ya pumzi, moja moja. Pale Mwalimu aliponyamaza kuvuta hewa, Ida naye alinyamaza, na kanisa zima likanyamaza pamoja nao. Katika vituo hivyo walisikia mawimbi yanavyokuja na kurudi kwenye mchanga huko chini. Alipopata sentensi nzima ndipo alipoinua kichwa na kuitoa kwa sauti yake yote, bila kuipunguza wala kuipamba. Jambo la ajabu ni kwamba hakujua inayofuata. Kila sentensi ilimfikia mpya. Akawa anafundishwa na sauti iliyokuwa inatoka kwake mwenyewe, na mara mbili alisikia machozi yanamjia bila kujua ameguswa na nini. Watu wakasogea mbele kwenye mabenchi yao. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesinzia.

Karibu na mwisho Mwalimu akanong'ona jambo, na Ida, kama alivyofanya asubuhi yote, akalichukua zima na kulitoa:

"Msitafute mbali wa kumsikiliza. Huenda nyumbani kwako yuko mtu ambaye tangu umfahamu hajawahi kumaliza alichotaka kukuambia!"

Maneno yakamaliza kupaa, ndipo yakamrudia. Kanisa zima likageuka, kama limeamrishwa, kumtazama Hamphrey kwenye mabenchi ya wanaume. Hamphrey akatazama miguu yake. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi, hata Bibi Violet akajifunika uso kwa khanga. Ida akamtazama Mwalimu kuona kama alikusudia. Uso wa Mwalimu ulikuwa mtulivu kabisa, na mpaka leo Ida hajui.

Nyumbani alipika ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, akatenga. Hamphrey akanawa. Walikuwa wawili tu. Binti yao, Recho, ameolewa kijiji cha Tingi. Kwa kawaida hapo ndipo Ida angeanza habari za mchana mzima. Akakaa.

"Baba Recho."

"Naam."

"Kuna jambo hujawahi kulimaliza kuniambia?"

Hamphrey akaliacha tonge mkononi. "Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nakuuliza."

Hamphrey akafikiri. Akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe kwa wasiwasi, kama mtu anayevuka barabara na amezoea kugongwa. "Lipo," akasema. "Siku ile ya kwanza nilipokuona..." Akasimama. Alikuwa anasubiri kukatizwa.

Ida alikuwa anaijua hadithi hiyo. Hamphrey alimwona kanisani, sikukuu ya Pasaka, yeye Ida kavaa gauni la njano. Kila mtu anaijua. Yeye mwenyewe ameisimulia harusini, ubatizoni, na kwenye magari ya kwenda Mbinga. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akachukua pindo la khanga yake, akaling'ata.

Hamphrey akaona hakuna kinachokuja. Akaendelea.

"Siku ile ya kwanza sikukuona. Nilikusikia." Akameza mate. "Ilikuwa kabla ya hiyo Pasaka. Nilikuwa ziwani peke yangu, mvua ikanikuta. Mvua nzito, Mama Recho, ikafuta pwani yote. Mbele maji, nyuma maji, juu maji. Nikapiga kasia mpaka nikahisi ninaingia katikati ya ziwa badala ya kutoka. Nikasema basi, nimekwisha. Halafu nikasikia mtu anafoka. Msichana. Anamfokea mbuzi. Mbuzi alikuwa anakula muhogo ulioanikwa, na yule msichana alikuwa anamwambia mbuzi habari za baba yake, na za babu yake, na za ukoo wake mzima wa mbuzi. Hakupumzika hata kidogo. Nikageuza mtumbwi kuelekea kwenye ile sauti. Nikawa naomba: Mungu wangu, asinyamaze. Usimjalie kunyamaza. Nikapiga kasia, na yeye anafoka, mpaka mtumbwi ukagusa mchanga."

Ida alikuwa bado ameing'ata khanga. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nikauliza yule ni binti wa nani," Hamphrey akasema. "Wakaniambia. Ndipo nikaja kanisani Pasaka kukutazama una sura gani."

"Mbona hukuniambia?" Ida akauliza, akiachia khanga.

"Nilianza siku ya posa. Ukasema, najua, najua, uliniona kanisani. Nikaanza tena baada ya harusi. Na Recho alipozaliwa. Baadaye nikaona, ah, nimeshakuoa, umetulia, kuna haja gani."

Ida akalia na kucheka kwa pamoja, akitumia upande mmoja wa khanga kwa kazi zote mbili. Ugali ulikuwa umepoa, wakaula hivyo hivyo.

"Nilidhani unanivumilia kelele," akasema baadaye.

"Kelele?" Hamphrey akashangaa. "Mimi nikiwa ziwani na upepo ukielekea kwangu, huwa nakusikia. Nikikusikia, najua nyumbani ni wapi."

Siku ya mwisho ya mafungo watu walitoka hata vigango vya jirani, kwa kuwa habari zilikuwa zimetembea. Ida akasikiliza na kutoa, akasikiliza na kutoa, mpaka baraka. Watu walipokuwa wanasimama kuondoka, Mwalimu akamvuta tena, akanong'ona kitu kirefu kidogo. Ida akatega sikio mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaanza kushuka.

"Amesemaje?" Bartholomayo akaita kutoka nyuma. "Mama Recho, mbona hutuambii? Amesemaje?"

"Hilo ni langu," Ida akasema.

Tangu hapo Jumapili nyingi, paroko asipokuwepo, Ida husimama mkono wa kulia wa Mwalimu Othmar. Usidhani amekuwa mtu mwingine. Sokoni bado utamsikia kabla ya kumwona, na bata bado wanamwogopa. Ila wateja wake wa Mbinga wameona kitu. Mmoja wao, Mwanakombo, mwenye duka karibu na stendi, alikuwa akimpa Ida oda ya usipa kwa ishara za vidole kwa sababu hakuwahi kupewa nafasi ya kusema kiasi anachotaka. Siku moja akaanza kumweleza habari za mama yake anayeumwa, akatarajia kukatizwa na habari za shangazi wa Ida. Ida akatua ndoo chini, akamtazama. Mwanakombo akaeleza yote, akalia kidogo, akajipangusa, akasema hajui kwa nini lakini amepata nafuu.

Mwaka uliofuata Tingi nao walimwomba Mwalimu Othmar awaongoze mafungo, naye akawaandikia kwamba atakuja na mdomo wake. Bartholomayo akawatafutia gari. Hamphrey akasema anakwenda pia, akamwone Recho na mjukuu. Akakaa dirishani, na gari lilipoanza tu kupanda akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya nyavu, juu ya namna ya kuchagua gogo la mtumbwi, juu ya ndoto aliyoiota juzi, juu ya samaki mmoja mkubwa aliyemponyoka akiwa kijana. Alikuwa na akiba ya miaka mingi, na alikuwa amegundua kwamba ana mtu wa kumpa.

Ida alikaa katikati, Mwalimu upande mmoja, mumewe upande mwingine. Aliyasikiliza yote, moja moja, mpaka mwisho. Walipofika kwenye mteremko wa pili alimwinamia Mwalimu Othmar, akamnong'oneza sikioni, kwa mara ya kwanza yeye akiwa ndiye mwenye kunong'ona:

"Mwalimu, na huyu tumfundishe kuvuta pumzi."

Mabega ya Mwalimu yakatikisika mpaka kofia ikamwanguka. Hamphrey akaiokota, akampa, na akaendelea kuanzia pale samaki alipokata kamba.